Kulala Mlangoni pa Theluji

Majira ya baridi ya mwaka 1946, vijana wawili wa Kimarekani, Warren Miller na rafiki yake Ward Baker, waliegesha trela yao katika uwanja wa magari wa Sun Valley, kituo cha ski, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji, kilichopo jimbo la Idaho. Miller alikuwa ametoka jeshi la majini muda si mrefu. Ndani ya trela palitosha kitanda tu. Jiko lilikuwa nyuma, chini ya mfuniko unaofunguka kwa nje, kwa hiyo aliyepika alisimama kwenye theluji. Sun Valley ilijengwa kwa ajili ya wenye nacho, wakiwamo nyota wa Hollywood, na wawili hao hawakuwa na bei ya chumba. Waliwinda sungura. Mgahawani walichukua biskuti za chumvi na tomato sosi ya bure, wakaichanganya na maji ya moto wakapata supu. Mchana waliteleza kwenye mlima uleule walioteleza matajiri. Miller alikuja kuwa mtengenezaji filamu anayejulikana kuliko wote katika mchezo wa ski. Filamu yake ndefu ya kwanza ilitoka mwaka 1950, na alipofariki mwaka 2018 kisa chake cha kulala uwanja wa magari kilikuwa kimeshasimuliwa kwa vizazi.

Leo wanaofanya kama wao ni maelfu, na trela zao zina hita, bafu na friji. Ni familia, wastaafu, na vijana wanaofanya kazi kwa kompyuta wakiwa njiani, na wanakuja na aina mbili za nyumba. Wapo wenye magari-nyumba, yaani gari lenye injini na vitanda, jiko na choo ndani ya bodi moja. Wengine wana karavani, nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Wote hupanda milimani wakati ambapo wenye vyombo vya aina hiyo wengi wameshavifunika turubai na kusubiri kiangazi.

Kwa nini mtu apeleke nyumba yake mahali penye nyuzi 15 chini ya sifuri? Jibu limo katika mchezo wenyewe. Mwenye ski hupandishwa mlimani kwa lifti, kisha anashuka akiteleza. Lifti za viti, zile zinazombeba mtu akining'inia kwenye kamba ya chuma, zilianza hapohapo Sun Valley mwaka 1936. Mhandisi wa reli, James Curran, alizibuni kwa kufuata mtambo wa kulabu uliotumika kupakia mikungu ya ndizi melini. Theluji inayopendwa kuliko yote ni ile iliyoanguka usiku, laini, ambayo hakuna aliyeikanyaga. Lifti zikifunguliwa asubuhi, kwa saa mbili tatu theluji hiyo inakuwa imeshavurugwa na mamia ya watu. Aliyelala mjini, kilomita hamsini chini bondeni, bado yuko kwenye foleni ya magari, au barabara imefungwa hadi mitambo ifagie. Aliyelala hatua chache kutoka kwenye lifti ameshashuka mara tatu. Hoteli iliyo karibu hivyo na lifti ndiyo ghali kuliko zote, na mara nyingi imejaa miezi kabla.

Mfano mzuri wa mahali pa kulala hivyo ni kituo cha Mt. Baker, katika jimbo la Washington karibu na mpaka wa Kanada. Msimu wa 1998/99 kituo hicho kilipata theluji ya jumla ya mita 28.96, na taasisi ya Marekani inayoshughulikia hali ya hewa na bahari iliithibitisha kuwa rekodi ya dunia ya theluji iliyopimwa katika msimu mmoja. Kituo hicho hakijaunganishwa na gridi ya umeme. Huzalisha umeme wake chenyewe kwa jenereta. Mwenye gari-nyumba anayelala hapo hana soketi ya kuchomeka wala bomba la kujazia maji. Anakuja na kila kitu na anaondoka na kila kitu, taka zake zikiwamo. Kusini zaidi katika jimbo hilohilo, Crystal Mountain imetenga sehemu ya uwanja wa magari yenye umeme, na nafasi hizo hugombaniwa.

Ulaya mambo yamepangwa kwa namna nyingine. Badala ya uwanja wa magari kuna kambi kamili zinazofunguliwa mwaka mzima. Huko Lauterbrunnen, Uswisi, bonde lililozingirwa na kuta za mawe zenye maporomoko ya maji ya Staubbach, kambi ya Jungfrau hupokea magari-nyumba hata katikati ya Januari. Kijiji cha Lauterbrunnen kiko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, usiopishana sana na wa mji wa Moshi, ila kwa kuwa kipo mbali kaskazini theluji huanguka mpaka mlangoni. Vijiji vya Wengen na Mürren vilivyo juu yake haviruhusu magari, kwa hiyo gari-nyumba linabaki bondeni na wageni hupanda kwa treni ya meno au kwa gari la kamba. Sexten, katika milima ya Dolomiti kaskazini mwa Italia, kambi iko juu ya mita 1,500. Ufaransa ina hata aina rasmi ya kambi za karavani za majira ya baridi. Norwe na Uswidi, familia nyingi huiacha karavani kituoni msimu mzima na kuijengea ubavuni kijumba cha mbao chenye jiko la kuni, mahali pa kuvulia viatu na kuning'iniza nguo zilizolowa.

Kijumba hicho kinaeleza kiini cha maisha haya. Mtu asiyeyajua hudhani kwamba adui mkubwa wa kambi ya baridi ni baridi yenyewe. Sivyo. Baridi hushindwa kwa hita nzuri na kuta nene. Kinachosumbua usiku na mchana ni maji: yaliyomo kwenye mabomba, yanayotoka puani mwa waliolala, yanayoingia na viatu, yanayotoka kwenye moto wa jiko. Anayeyadhibiti maji hulala vizuri.

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na ni nadra bomba la plastiki, pampu au bomba la sinki kustahimili nguvu hiyo. Usiku mmoja tu wa hita kuzimika unatosha kupasua mfumo mzima wa maji, na hasara huonekana barafu inapoyeyuka na maji kuanza kutiririka chini ya vitanda. Ndiyo maana magari yaliyotengenezwa kwa majira ya baridi huwa na sakafu mbili, na kati yake hupita hewa ya moto inayozunguka matanki na mabomba. Magari ya bei ndogo huning'iniza tanki la maji machafu chini ya bodi, nje kabisa. Ulaya kuna viwango vinavyomsaidia mnunuzi. Gari la daraja la 3 ni lile lililopimwa na kuonekana kwamba, nje kukiwa na nyuzi 15 chini ya sifuri, ndani hufika nyuzi 20 na maji yanatumika. Gari la daraja la 2 limepimwa kwa nyuzi 0 tu. Muuzaji anaweza kuyaita yote mawili magari ya misimu minne, kwa hiyo inafaa kuuliza daraja kabla ya kuuliza bei.

Watengenezaji wa hita nao wameweka kinga. Hita za kampuni ya Truma ya Ujerumani, ambazo zimo katika magari mengi ya Ulaya, huja na vali inayofunguka yenyewe halijoto inapokaribia nyuzi 3 na kumwaga maji yote ya tangi la kuchemshia. Mgeni wa mambo haya hurudi kutoka mlimani, akakuta maji yamekwisha, akadhani kimeharibika kitu. Hakuna kilichoharibika, vali imeokoa tangi.

Tanki la maji machafu lina ufumbuzi wa kizamani ambao haujapata mshindani. Koki yake huachwa wazi, na chini yake huwekwa ndoo. Maji ya kuoshea vyombo yanaganda ndani ya ndoo, na asubuhi mtu hubeba bonge la barafu hadi sehemu ya kumwagia. Waliofunga koki ili wamwage baadaye hujikuta wamebeba lita mia za barafu wasizoweza kuzitoa mpaka warudi bondeni.

Kisha kuna maji ya pumzi. Mtu mmoja aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho kati ya robo na nusu lita kwa usiku. Familia ya watu wanne inajaza hewa ya chumba kidogo kwa lita moja au zaidi ya mvuke, na mvuke huo hutafuta mahali pa baridi pa kutulia: kioo, pembe ya kabati, ukuta ulio nyuma ya godoro. Asubuhi mto umelowa, na baada ya wiki kuna ukungu mweusi. Kioo kikubwa cha mbele cha gari ndicho kibaya kuliko vyote, kwa kuwa ndicho kinachopoteza joto jingi zaidi. Wazoefu hukifunika kwa blanketi maalumu, nao huliweka upande wa nje, ili kioo chenyewe kibaki na uvuguvugu na mvuke usipate pa kugandia. Godoro huwekewa kichaga chini ili hewa ipite. Na hapo ndipo linapokuja jambo linalowashangaza wageni: lazima dirisha la juu lifunguliwe kidogo, hata nje kukiwa na kibaridi cha kukata masikio. Hewa kavu ya nje ikiingia na kupashwa moto, huyanywa yale maji na kutoka nayo.

Jiko la gesi huongeza tatizo. Kila kilo ya propeni inayoungua huzaa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Hita iliyojengwa ndani ya gari huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje, kwa hiyo haina lawama. Jiko la kupikia, kinyume chake, huumwaga mvuke wote chumbani, na anayeliwasha ili apashe chumba joto anajitafutia unyevu na hatari kwa pamoja.

Hatari hiyo ni kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hapa hakuna nafasi ya mzaha. Wasomaji wa Makete, Njombe au Limuru wanaijua vizuri kwa njia nyingine: ndiyo inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Katika gari-nyumba hutoka kwenye jiko lililowashwa madirisha yakiwa yamefungwa, kwenye jenereta iliyowekwa karibu na mlango, au kwenye bomba la moshi la hita lililofunikwa na theluji. Hili la mwisho ni la vituo vya ski hasa. Theluji ikianguka sentimita 60 kwa usiku, bomba la moshi lililotokeza juu ya paa kwa kimo cha kiganja limeshazikwa. Kwa hiyo watu huongeza kipande cha bomba ili lirefuke, huhakikisha matundu ya hewa ya chini hayajafukiwa, na huamka usiku kufagia. Kengele ya kaboni monoksidi haina bei kubwa. Kulala mlimani bila hiyo ni jambo ambalo hakuna mzazi anayepaswa kulikubali.

Gesi yenyewe ina tabia zake. Mitungi mingi inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani ina mchanganyiko wa buteni na propeni. Buteni huacha kugeuka mvuke halijoto ikifika karibu na nyuzi 0, hivyo mtungi unaweza kuwa umejaa na jiko lisiwake. Propeni huendelea hadi nyuzi 42 chini ya sifuri, na ndiyo sababu milimani hutumika propeni tupu. Inakwisha upesi kuliko watu wanavyotarajia. Hita aina ya Combi 6 ya Truma hula gramu 160 kwa saa ikiwa kwenye nguvu ndogo na gramu 480 ikiwa kwenye nguvu kubwa. Mtungi wa kilo 11, wa kawaida Ulaya, utadumu kama siku tatu hali ikiwa nzuri, na chini ya siku moja usiku wa baridi kali hita isipopumzika. Wenye busara hufunga mitungi miwili pamoja na kifaa kinachohama chenyewe kutoka ule uliokwisha kwenda uliojaa, kwa sababu mtungi una kawaida ya kwisha saa tisa za usiku.

Umeme nao hupungua. Betri za kawaida za risasi hupoteza karibu nusu ya uwezo wake kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Za lithiamu hufanya kazi vizuri zaidi, lakini kuzichaji zikiwa chini ya nyuzi 0 huziharibu moja kwa moja, hivyo huwekwa ndani ya chumba chenye joto. Paneli za jua zimezikwa chini ya theluji, na mchana wenyewe ni mfupi. Dizeli ya kiangazi nayo, kwenye baridi kali, hutengeneza chembe za nta zinazoziba chujio, na gari haliwaki. Dawa yake ni rahisi: kuingia mlimani na tanki lililo karibu tupu na kulijaza kwenye kituo kilicho karibu na theluji, ambako huuzwa dizeli ya majira ya baridi.

Barabara ina sheria zake, na gari la tani tatu na nusu linaloshuka mteremko wenye barafu ndilo linalozieleza vizuri. Ufaransa, tangu Novemba 2021, imeamuru magari yanayopita maeneo ya milima yaliyotajwa yawe na matairi ya baridi au minyororo kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi. Austria inadai matairi ya baridi kila barabara inapokuwa na theluji au barafu kati ya 1 Novemba na 15 Aprili. Jimbo la Washington hulazimisha magari yenye uzito wa zaidi ya kilo 4,536 kubeba minyororo kwenye njia fulani za milimani msimu wote wa baridi. Kubeba hakutoshi. Minyororo ifungwe kwanza nyumbani, kwenye sakafu kavu, kwa mikono yenye joto, kwa sababu atakayejaribu mara ya kwanza kando ya barabara gizani atatamani angefanya hivyo.

Gari likishafika, huegeshwa juu ya vipande vya mbao ili matairi yasigande na ardhi. Breki ya mkono haivutwi, maana hunasa kwa barafu. Gari huachwa kwenye gia na magurudumu kuwekewa vizuizi. Waya wa umeme hautandazwi chini. Hutundikwa juu, kwani theluji ikishaufunika na kuganda, mtambo wa kufagia utaukata au mwenyewe atauacha hapo hadi Aprili. Ufagio na koleo hubaki ndani ya gari, karibu na mlango. Koleo lililowekwa kwenye sanduku la nje halimsaidii mtu ambaye sanduku lake limezikwa.

Je, ni njia ya kupunguza gharama? Kwa Miller ilikuwa hivyo. Leo gari-nyumba la daraja la 3 ni mali ya bei kubwa, na tiketi za lifti hulipwa na wote kwa bei ileile. Nafuu iko kwa anayekodi kwa wiki moja, au anayenunua karavani kuukuu yenye kuta nzuri, akapika mwenyewe na kulala watu wanne kwa ada ya eneo moja. Kambi nyingi za milima ya Alpi huongeza chumba chenye joto cha kukaushia viatu na ski, mabafu ya maji moto, na nyingine sauna. Chumba cha kukaushia, kwa wanaojua tatizo la maji lilivyo, kina thamani kuliko sauna. Katika msimu wa 2020/21, migahawa ya vituoni ilipofungwa au kubanwa kwa sababu ya korona, familia nyingi ziligundua faida nyingine: chakula cha mchana, choo na kitanda cha mtoto aliyechoka vyote viko uwanjani. Mwaka 2021 viwanda vya Marekani vilipeleka sokoni magari-nyumba na karavani zaidi ya 600,000, rekodi ambayo haikuwahi kufikiwa.

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki mchezo wa ski si mgeni kabisa. Philip Boit wa Kenya alishindana katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, na Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya Pyeongchang mwaka 2018. Wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Minnesota, Uswidi au Ujerumani wako saa chache tu kutoka kwenye kambi za aina hii, na baadhi ya watoto wao hujifunza ski wakiwa shule. Anayetaka kuanza aanze na kambi yenye umeme, maji ya bafu na majirani, mwezi Machi, mchana unapokuwa umeanza kurefuka. Uwanja wa Mt. Baker unaweza kusubiri msimu wa pili.

Siku ya kuondoka ina kazi moja isiyoachwa. Paa la gari la urefu wa mita saba lina ukubwa wa takriban mita 16 za mraba, na sentimita 30 za theluji mpya juu yake zinaweza kufika kilo 500. Ikiachwa, joto la ndani huyeyusha tabaka la chini, na barabarani hubanduka vipande vya barafu vyenye ukubwa wa mlango na kuruka kwenye kioo cha gari linalofuata. Ujerumani dereva hutozwa faini kwa hilo. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kuwasha injini, hutolewa ngazi na ufagio wa mpini mrefu, anapanda mmoja na mwingine anashikilia ngazi, na majirani walioamka mapema huja kusaidia, kwa kuwa wao ndio watakaokuwa nyuma yake barabarani.